Namba za Mrushaji wa Besiboli: Zinapima Nini, na Yeye Anazifanyia Nini?

Mtu anayefungulia mechi ya MLB, ligi kuu ya besiboli ya Marekani, hukuta skrini imejaa namba kabla hata hajajua nani anacheza na nani. Mpira umekwenda kilomita 153 kwa saa. Umezunguka kwa kasi ya mara 2,400 kwa dakika. Umeshuka kidogo kuliko ilivyotarajiwa. Mtangazaji anazitaja kana kwamba kila mtu anazielewa, na msikilizaji anabaki na swali la haki kabisa: yule aliyesimama pale na mpira mkononi, namba hizi anazifanyia nini?

Majibu mawili ndiyo husikika zaidi. Wapo wanaosema mchezo umetekwa na kompyuta, na mrushaji wa leo anatekeleza maagizo tu. Wapo wanaoona takwimu kuwa mambo ya mashabiki wapenda ubishi, zisizomfaa kitu anayetoka jasho. Nadhani wote wanaikosa kazi hasa ya namba hizi. Mrushaji anayezitumia vizuri anatafuta jibu la swali moja gumu: katika yote yaliyotokea nikiwa narusha, lipi nililifanya mimi? Asipolijua hilo, anaweza kuumaliza mwaka mzima akirekebisha kisichoharibika.

Mchezo kwa ufupi

Mrushaji husimama juu ya kilima kidogo chenye kimo cha takriban sentimita 25. Anarusha mpira umbali wa mita 18.44 hadi kwenye beisi ya nyumbani, anaposimama mpigaji na gongo lake. Nyuma ya mpigaji amechuchumaa mdakaji, mwenzake mrushaji. Juu ya beisi hiyo kuna eneo la straiki, yaani nafasi ya kufikirika kuanzia chini kidogo ya goti hadi usawa wa kifua cha mpigaji. Mpira ukipita humo, au mpigaji akizungusha gongo akaukosa, ni straiki. Ukipita nje naye akauacha, ni boli. Straiki tatu, mpigaji ametoka. Boli nne, anakwenda beisi ya kwanza bure. Akiupiga ukabaki uwanjani, walinzi waliotapakaa huku na huku hujaribu kumtoa. Asipotolewa akafika beisi, hilo ni pigo salama. Akiupiga ukavuka uzio ni homurani, na hapo hakuna mlinzi wa kumsaidia mrushaji. Kila mchezaji akizunguka beisi zote na kurudi ya nyumbani, timu yake hupata pointi moja.

Mechi ina vipindi tisa, na wapigaji tisa hupokezana kwa zamu isiyobadilika. Shika pia jambo moja: mpira wa kilomita 153 kwa saa hutoka mkononi hadi kwa mpigaji kwa takriban sehemu nne za kumi za sekunde. Mpigaji hana muda wa kuutazama kisha aamue. Anakisia utakapofika, na sehemu kubwa ya kazi ya mrushaji ni kuliharibu kisio hilo.

Ushindi ulikuwa wa nani?

Kwa miaka mingi mrushaji alipimwa kwa idadi ya mechi alizoshinda. Mtu akishinda mechi 20 kwa msimu aliitwa bingwa bila maswali. Shida yake ni rahisi kuiona kwa anayefuatilia kandanda. Kipa anaweza kuokoa mipira kumi mikali na timu ikafungwa moja bila, kwa sababu washambuliaji wake hawakufunga. Ukimhukumu kipa huyo kwa idadi ya ushindi, unamhukumu kwa kazi ya watu wengine.

Félix Hernández wa Seattle Mariners alimaliza msimu wa 2010 akiwa ameshinda mechi 13 na kupoteza 12. Kwa kipimo cha zamani huyo ni mrushaji wa kawaida tu. Hata hivyo alipewa tuzo ya Cy Young, ambayo kila mwaka hupewa mrushaji bora wa kila upande wa ligi, kwa kuwa waliopiga kura walitazama alichokifanya kilimani. Jacob deGrom wa New York Mets aliipata mwaka 2018 kwa ushindi 10 na kupoteza 9. Wastani wake wa pointi ulikuwa 1.70, kiwango ambacho warushaji wachache sana wamewahi kukifikia.

Wastani huo, ERA kama unavyoandikwa, huhesabu pointi ambazo mrushaji ameruhusu kwa kila vipindi tisa, ukiondoa zile zilizotokana na makosa ya walinzi. Ni kipimo bora kuliko ushindi. Lakini nacho kina mwanya. Chukua mrushaji mmoja mwenye walinzi wepesi wa miguu na mwingine mwenye walinzi wazito. Wanaweza kurusha sawasawa, mipira ikapigwa vilevile, na mmoja akatoka na wastani wa 3 na mwingine 4. Mlinzi aliyechelewa kuufikia mpira mara nyingi hahesabiwi kosa. Mpira unahesabiwa pigo salama, na mzigo unamwangukia mrushaji.

Ugunduzi uliowakera wengi

Mwaka 2001 mchambuzi aitwaye Voros McCracken alichapisha hoja ambayo wachezaji na makocha wengi waliiona kama tusi. Alisema kwamba mpira ukishapigwa ukabaki uwanjani, warushaji wa ligi kuu hawatofautiani sana katika uwezo wa kuuzuia usiwe pigo salama. Kwa wastani, katika kila mipira kumi ya namna hiyo, kama mitatu hivi huwa mapigo salama. Mrushaji hodari na wa kawaida wote huzunguka hapohapo, na anayeongoza mwaka huu anaweza kuwa mkiani mwaka ujao.

Mmoja wa mifano yake alikuwa Pedro Martínez wa Boston. Mwaka 1999 Martínez alikuwa miongoni mwa wenye hali mbaya zaidi kwenye mipira iliyobaki uwanjani, na mwaka 2000 akawa miongoni mwa wenye hali nzuri zaidi. Ilhali miaka yote miwili alikuwa mrushaji wa kuogopwa kuliko wote, na miaka yote miwili akatwaa Cy Young. Mwaka ule ambao mipira ilimwangukia vibaya, aliwatoa wapigaji 313 kwa straiki tatu na kutoa beisi za bure 37 tu. Mipira iliyobaki uwanjani ilipanda na kushuka. Straiki zake hazikutetereka.

Kutoka hapo matokeo yakagawanywa mafungu mawili. La kwanza ni yale ambayo walinzi hawayagusi kabisa: kumtoa mpigaji kwa straiki tatu, beisi za bure, na homurani. Haya kwa sehemu kubwa ni ya mrushaji mwenyewe. La pili ni mengine yote, ambamo mrushaji, walinzi, uwanja na bahati vimechanganyika. Utafiti wa baadaye ulilainisha hoja ya McCracken kidogo, maana wapo warushaji wanaofanya mipira yao ipigwe kinyonge mwaka hadi mwaka. Mgawanyo wenyewe umebaki.

Kwenye mgawanyo huo kikajengwa kipimo kiitwacho FIP. Hesabu yake haitishi. Kila homurani ina uzito wa 13, kila beisi ya bure au mpigaji aliyegongwa na mpira uzito wa 3, na kila mpigaji aliyetolewa kwa straiki tatu hupunguza 2. Jumla inagawanywa kwa idadi ya vipindi, kisha inaongezwa namba ya takriban 3 ili jibu lisomeke kama ule wastani wa pointi wa kawaida. Kinachopatikana ni makisio ya pointi ambazo mrushaji angestahili kuruhusu kama walinzi na bahati vingekuwa vya wastani.

Mtu wa kumtazama hapa ni Zack Greinke wa Kansas City Royals. Mwaka 2009 alimaliza na wastani wa pointi 2.16 na kuchukua Cy Young. Alipoulizwa alivyorusha msimu ule, alieleza kwamba alikuwa akijitahidi kuiweka FIP yake chini kadiri awezavyo. Fanya hesabu uone: vipindi 229 na ushei, watu 242 waliotolewa kwa straiki, beisi za bure 51, homurani 11. Inakuja kama 2.3, karibu kabisa na wastani wake halisi. Bahati haikuwa imembeba.

Aliyemfungulia Greinke mlango wa takwimu hizi ni mwenzake wa timu, Brian Bannister, na kisa chake kina mafunzo mengi kuliko cha bingwa. Bannister hakuwa na mkono wa kutisha. Mwaka 2007, msimu wake wa kwanza kamili, alishinda mechi 12 kwa wastani wa 3.87, lakini aliwatoa watu 77 tu kwa straiki katika vipindi 165. Mipira mingi ilipigwa na ikaangukia mikononi mwa walinzi. Bannister alisoma uchambuzi huu na kuuzungumza hadharani, jambo adimu kwa mchezaji wa wakati ule. Alijua kwamba matokeo ya aina yake huwa hayadumu, akatafuta njia ya kuyadumisha, hasa kwa kumsukuma mpigaji hadi kwenye straiki mbili, ambako mapigo huwa dhaifu. Mwaka 2008 wastani wake ulipanda hadi 5.76, akapoteza mechi 16. Kuielewa hesabu hakukumpa mkono mpya. Ila kulimpa macho, na tutamkuta tena hapa chini akiyatumia macho hayo kumwokoa mtu mwingine.

Kutoka matokeo hadi mpira wenyewe

Mpaka hapo takwimu zilihesabu kilichotokea baada ya mpira kurushwa. Mapinduzi ya pili yalikuja mashine zilipoanza kuupima mpira wenyewe angani. Mfumo wa kamera ulioitwa PITCHf/x ulianza kutumika mwaka 2006, na ndani ya miaka michache ukawa kwenye viwanja vyote vya ligi. Mwaka 2015 ukaja Statcast, uliotumia rada na kamera. Tangu 2020 kazi hiyo inafanywa na kamera za Hawk-Eye, kampuni ileile inayoamua kama mpira wa tenisi umegusa mstari. Kila mpira unaorushwa sasa unaacha kumbukumbu: kasi yake, mizunguko yake, mhimili uliouzunguka, kimo ulipotoka mkononi, na ulivyopinda njiani.

Hapa ndipo penye dhana potofu niipendayo kuifafanua kuliko zote, ile ya mpira unaopanda. Wapigaji wengi wameapa kwamba mpira wa kasi wa mrushaji fulani huinuka unapowakaribia. Hauinuki. Katika muda ule mfupi wa safari, mvutano wa dunia peke yake ungeushusha mpira kwa takriban sentimita 80. Lakini mrushaji anapouachia, vidole vyake huuvuta kwa nyuma ukawa unazunguka kinyumenyume. Hewa inayopita juu na chini yake husukumwa bila usawa, na mpira unapata nguvu ya kuuinua. Kanuni hiyo ndiyo inayoupinda mpira wa adhabu ukazunguka ukuta wa mabeki. Kwa mpira wa kasi wa kawaida, nguvu hiyo hufuta karibu nusu ya anguko. Mpira bado unashuka, ila unashuka kidogo kuliko ubongo wa mpigaji ulivyozoea, na gongo linapita chini yake. Anayedanganywa namna hiyo ana haki ya kusema umepanda.

Wastani wa mizunguko ya mpira wa kasi katika ligi ni takriban 2,300 kwa dakika. Wengi hudhani kwamba mizunguko mingi ni mizuri, basi. Si lazima. Mzunguko ambao mhimili wake unaelekea kule mpira unakokwenda hauupindi mpira hata kidogo. Wawili wanaweza kuwa na mizunguko sawa, mmoja mpira wake ukaonekana kuelea na mwingine ukaenda wazi machoni pa mpigaji. Na mishono nayo ina kauli yake. Barton Smith, mhandisi wa Chuo Kikuu cha Utah State, alionyesha jinsi mishono ikikaa upande fulani inavyoipindisha njia ya hewa nyuma ya mpira na kuusogeza hata pale mzunguko wenyewe usingefanya hivyo.

Faida ya vipimo hivi kwa mrushaji ni kubwa kuliko inavyoonekana. Matokeo huchelewa kusema ukweli. Ili kujua kama mapigo salama anayoruhusu yanatokana na udhaifu wake au na bahati, mrushaji anahitaji misimu kadhaa. Idadi ya watu anaowatoa kwa straiki husema mapema zaidi, baada ya wiki kadhaa. Lakini kasi na mzunguko huonekana katika mirusho michache. Akibadilisha anavyoushika mpira asubuhi, kabla ya saa sita anajua kama umbo la njia yake limebadilika. Zamani angelipeleka badiliko hilo mechini, apigwe au asipigwe, na hata baada ya mwezi asijue kilichomponza.

Wawili waliobadilika

Rich Hill alikuwa na miaka 35 mwaka 2015. Alikuwa ameachwa na timu ya ligi kuu, akaenda kurusha kwa Long Island Ducks, timu ya ligi huru isiyo na uhusiano na klabu yoyote kubwa. Boston wakamchukua kwa mkataba mdogo wa ligi za chini. Huko akakutana na Bannister, ambaye sasa alikuwa mchambuzi wa klabu hiyo. Bannister alikuwa ameona kwenye vipimo kwamba mpira wa kupinda wa Hill, ule unaozunguka kwa mbele na kuzama, ulikuwa wa hali ya juu. Hill aliutumia kama warushaji wengi walivyofundishwa: kiungo cha kunyunyiza kidogo baada ya mipira ya kasi. Ushauri ulikuwa autumie mara nyingi mno kuliko hapo, na aubadilishe kasi na umbo, autoe kama mipira kadhaa tofauti.

Septemba ile alianza mechi nne za ligi kuu. Katika vipindi 29 aliwatoa watu 36 kwa straiki, wastani wa pointi 1.55. Mwaka uliofuata alimaliza na 2.12, na mwisho wa 2016 Los Angeles Dodgers wakampa mkataba wa miaka mitatu wa dola milioni 48. Mkono ulikuwa uleule. Mpira wa kupinda ulikuwa uleule aliokuwa nao siku alipoachwa.

Gerrit Cole alikuwa kinyume chake, kijana mwenye kasi kubwa ambaye hakuna aliyetilia shaka kipaji chake. Akiwa Pittsburgh mwaka 2017, wastani wake ulikuwa 4.26. Alirusha sana mpira wa kasi unaozama, ambao lengo lake ni kumfanya mpigaji aupige chini. Houston walipomchukua mapema 2018, aliupunguza mno, akaurusha sehemu ya juu ya eneo la straiki ule mpira wa kasi unaozunguka kinyumenyume, na kuongeza mipira ya kupinda. Wastani ukashuka hadi 2.88, na waliotolewa kwa straiki wakapanda kutoka 196 hadi 276. Mwaka 2019 walifika 326.

Visa hivi viwili havifundishi kila mrushaji apunguze mipira ya kuzama au aongeze ya kupinda. Hill na Cole waliambiwa mambo tofauti kwa sababu mipira yao ni tofauti. Wapo ambao mpira wao wa kasi hauelei, na wakiurusha juu unaishia nje ya uzio. Nimeona watu wakizungumzia takwimu kana kwamba zinawafanya warushaji wote wafanane, na kuna wakati ligi yenyewe huifuata mitindo kwa pupa. Uchambuzi ukifanywa kwa uaminifu huanzia kwa mtu mmoja na mkono wake.

Mazoezi nayo yamebadilika kwa njia hiyohiyo. Katika vituo kama Driveline, kilichoanzishwa na Kyle Boddy katika jimbo la Washington, mrushaji hurusha mbele ya kifaa kidogo cha kupimia kama Rapsodo, huku kamera ya Edgertronic ikipiga maelfu ya picha kwa sekunde. Anaona ni kidole kipi kilichouacha mpira mwisho. Anasogeza kidole cha kati kwenye mshono, anarusha tena, anatazama. Humo pia hutafutwa kisichoonekana kwa macho: pengine anapotaka kurusha mpira wa kupinda mkono wake hutokea juu kidogo kuliko anaporusha wa kasi, na mpigaji mzoefu huisoma tofauti hiyo. Lengo ni mipira yote itoke mahali pamoja, isafiri njia moja kwa muda mrefu iwezekanavyo, kisha iachane wakati mpigaji ameshaamua.

Siku ya mechi

Yote haya yanaishia kwenye mpango wa kumkabili mpigaji fulani. Mrushaji na mdakaji hupitia anapopenda mpira ukae, asipoufikia vizuri, na anachofanya akiwa na straiki mbili. Kubwa katika mpango huo ni hesabu ya straiki na boli. Mrusho wa kwanza ukiwa straiki, mpigaji anaanza kujihami na mrushaji ana uhuru wa kurusha nje ya eneo. Ukiwa boli, mambo yanageuka. Tofauti ya matokeo kati ya hali hizo mbili ni kubwa na ipo kwa karibu kila mrushaji, kwa hiyo ni kitu cha kwanza ambacho mchambuzi yeyote atakitazama.

Kisha kuna suala lililozua hasira kuliko yote, la mzunguko wa tatu. Takwimu za miaka mingi zinaonyesha kwamba wapigaji humpiga mrushaji vizuri zaidi wanapokutana naye mara ya tatu katika mechi moja. Ni uchovu, na ni kuzoea. Timu nyingi kwa sababu hiyo humtoa mrushaji kabla hajafika hapo.

Tarehe 27 Oktoba 2020, katika mechi ya sita ya fainali, Blake Snell wa Tampa Bay alikuwa ameruhusu mapigo salama mawili tu na kuwatoa tisa kwa straiki. Wapigaji watatu wa kwanza wa Dodgers walikuwa wamekutana naye mara mbili kila mmoja, na mara zote sita akawatoa kwa straiki. Timu yake iliongoza moja bila. Alikuwa amerusha mara 73 tu kocha Kevin Cash alipotoka kumwondoa katika kipindi cha sita, kabla ya wapigaji hao kumrudia mara ya tatu. Aliyempokea akapigwa papo hapo, Dodgers wakashinda 3 kwa 1 na kubeba ubingwa.

Je, takwimu zilikosea? Nionavyo, hapana, ila zilitumiwa nusu. Wastani wa mzunguko wa tatu ni wa warushaji wote kwa pamoja. Unasema jambo la kweli kuhusu kundi. Hauwezi kusema mrushaji huyu, usiku huu, mpira wake unatembeaje. Kwa upande mwingine, Snell hakuwa amemaliza vipindi sita katika mechi hata moja ya msimu wa kawaida ule, na hilo wanaomlaumu Cash hulisahau. Na kwamba Dodgers walipiga baada ya badiliko hakuthibitishi kwamba wasingempiga Snell. Tokeo moja halipimi uamuzi, hata likitokea fainali.

Kinachobaki kuwa cha mkono

Ufuatiliaji wa mizunguko ya mpira uliwahi pia kuleta majaribu. Baadhi ya warushaji walipaka mpira vitu vya kunata ili vidole viuvute zaidi, jambo lililokatazwa na kanuni. Tarehe 21 Juni 2021 ligi ilianza kuwakagua mikono na kofia katikati ya mechi, na wastani wa mizunguko ukashuka ligi nzima. Namba zilezile zilizowavuta kwenye udanganyifu ndizo zilizoonyesha ulivyokuwa umeenea.

Jambo zito zaidi ni afya. Wastani wa kasi ya mpira wa kasi katika ligi umepanda kutoka takriban kilomita 147 kwa saa mwaka 2008 hadi karibu 152 mwaka 2024. Kasi inalipa, vipimo vinalithibitisha hilo bila shaka, na vijana wanaifukuza. Wakati huohuo majeraha ya kiwiko yameongezeka, yakiwemo yanayohitaji upasuaji wa kurekebisha kano ambao daktari Frank Jobe alimfanyia kwa mara ya kwanza mrushaji Tommy John mwaka 1974. Ripoti ya MLB ya Desemba 2024 ilitaja kukimbizana na kasi, kutafuta mpira wenye mzunguko na mpindo mkali, na kurusha kwa nguvu zote kila mara, kuwa miongoni mwa sababu zinazoelekea kuwa kubwa. Hii ni gharama ambayo ubao wa namba wa siku ya mazoezi hauionyeshi, na kwangu ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote dhidi ya kumpa mvulana wa miaka 15 kipimo cha kasi bila mtu wa kumwelekeza.

Wala kasi haikuwa njia pekee. Greinke, alipokuwa na miaka 35 mwaka 2019, alirusha mpira wake wa kasi kwa takriban kilomita 145 kwa saa, chini ya wastani wa ligi. Aliuchanganya na mpira wa kupunguza kasi na wa kupinda polepole, akiulenga kila mmoja mahali alipopachagua. Katika vipindi 208 na ushei, aliwatoa watu 187 kwa straiki na kutoa beisi za bure 30.